Barua kwa shoga yangu: bibi, mjukuu na tuta moja

Shoga yangu, habari za siku,

Meseji yako niliiona tangu juzi usiku nikasema hii siwezi kuijibu kwa mistari miwili, ngoja nitulie kwanza. Yani umenifurahisha mpaka basi, eti mnataka kuanzisha bustani ya mtaa wazee na watoto walime pamoja! Ukaniuliza muanzie wapi. Ntakwambia, ila kwanza nikusimulie sisi tulivyokosea maana naona wengi wanakosea hapohapo.

Sisi tulipoanza tuliweka viti kivulini, wazee wakakaa, watoto wakapewa vijembe na miche, mtu mmoja akawa anaelekeza. Siku ya kwanza ilipendeza sana, watu wakapiga picha, kila mtu akaenda kwao amefurahi. Wiki ya tatu kati ya wazee 11 wakaja 2. Nikazunguka majumbani kuuliza kama kuna wagonjwa, kumbe hamna mgonjwa, bibi mmoja akaniambia taratibu kabisa, "mwanangu, kukaa hata nyumbani nakaa." Nilirudi njia nzima nalifikiria hilo neno. Tuliwaita wawe mapambo, na mzee akishaona amekuwa pambo haji tena na wala hatakugombeza, atabaki kwake tu kimya.

Basi tukageuza kila kitu. Tuta moja lina mzee mmoja na mtoto mmoja, wakizidi sana watoto wawili, na hao hao wanabaki pamoja mpaka kuvuna, hamna kubadilishana. Hapo ndo pana siri yenyewe shoga, wasiwe kundi la wazee limekutana na kundi la watoto, wawe watu wawili wanaojuana majina na wana kazi ambayo mmoja asipokuja haiendi. Mtoto ana magoti, anachuchumaa anavyotaka, anakimbilia maji. Mzee anajua mche unashikwa kwenye jani sio kwenye shina maana shina likibonyea mche umekwenda, anajua maji yanamwagwa kwenye mizizi asubuhi kabla jua halijakaza. Yule bibi wa "kukaa nakaa" nilimpa tuta na mtoto wa miaka 7 mtundu haswa, basi wiki ya pili nawasikia wanabishana mbegu ifukiwe kiasi gani, yani kubishana kweli, nikasema alhamdulillah hii imekubali.

Baadae nikaja kusoma habari za Gordon Allport, mwanasaikolojia wa Marekani, mwaka 1954 aliandika kuhusu makundi ya watu wanaobaguana, akasema kukutanisha watu peke yake hakutoshi, inatakiwa pale walipokutana wawe na hadhi sawa, wawe na lengo moja, washirikiane kulifikia na wakubwa wa pale waunge mkono. Yeye hakuwa anaongelea bustani lakini mi nilipoisoma nikaona viti vyetu vile vya kivulini. Na kama kuna watakaokwambia ni wazo geni, waambie kule Tokyo kuna sehemu inaitwa Kotoen, tangu 1976 makao ya wazee na shule ya watoto wadogo viko pamoja.

Sasa mbegu. Anza na figili, ndani ya siku 4 au 5 imeshachomoza na kama mwezi hivi unang'oa, mtoto hawezi kusubiri miezi mitatu ndo aone kitu. Alafu weka maharage, alizeti na maboga, mbegu zake ni kubwa, mzee mwenye vidole vinavyouma anazishika na mtoto mdogo anazishika. Karoti ziacheni kwanza, mbegu kama vumbi na inaweza kuchukua wiki mbili au tatu kuota, mtoto atafukua kila siku kuangalia. Ila panda na kitu cha muda mrefu, mti wa matunda hata mmoja, wapande wote kwa pamoja siku moja. Wazee wetu wenyewe ndo waliudai huo mti, mi sikuufikiria.

Matuta usiyaache yote chini. Inua machache yafike sentimita 60 mpaka 75 hivi, mzee afanye kazi amekaa au amesimama bila kuinama sana, na upana usizidi mita 1.2 kama mnayafikia pande zote mbili, mkono ufike katikati. Njia ziwe pana na ngumu, mkongojo usizame na kiti cha magurudumu kipite. Keni za kumwagilia ndogo, lita 10 ni kilo 10, si mtoto wala mzee wa kubeba. Viti viwe na mikono ya kujinyanyulia, hivo sasa ni vya kupumzikia kati ya kazi na kazi.

Kuna jambo dogo hakuna aliyeniambia mapema. Masikio yakizeeka yanapoteza kwanza sauti nyembamba, na sauti za watoto ndo nyembamba zenyewe, kwa hiyo mtoto anaongea, mzee hajibu, mtoto anadhani amechukiwa na mzee anadhani watoto wananong'ona. Tuliwafundisha watoto wasimame mbele, wamtazame usoni, waongee polepole bila kupiga kelele. Dakika kumi tu za mafunzo na uhusiano ukabadilika kabisa.

Na usiwaache nje wenye shida ya kusahau. Tuna babu mmoja jina la mwanae linampotea, lakini mpe jembe uone, mikono inakumbuka yenyewe, mstari unanyooka kuliko wa kwangu. Ile kumbukumbu ya mikono huwa inakawia kuondoka kuliko ya majina na tarehe. Mtoto wake wa tuta haoni mgonjwa, anaona fundi, akiulizwa jina lake mara tano anajibu mara tano, na mi sijamfundisha hilo.

Ya usalama nayapitia haraka unayajua: mtoto na mzee wasibaki peke yao mahali pasipoonekana, ruhusa ya wazazi, chanjo za pepopunda ziwe sawa, kunawa mikono, hamna mimea ya sumu kama mbarika karibu. Maji ya kunywa mpe mzee hata kama hajaomba, kiu kwa wazee inachelewa kuhisiwa. Wakiinuka wainuke taratibu, wengine dawa za presha zinawapa kizunguzungu.

Ila shoga kuna moja lazima uliwaze kabla hujaanza, maana litakuja. Katikati ya msimu uliopita mzee wetu mmoja alifariki. Mtoto wake wa tuta alikuwa na miaka 9, na watu wakaniambia tusimwambie, tuseme amesafiri. Nilikataa. Tulikaa na mama yake tukamwambia mtoto mzee wake amekufa, neno lenyewe hilohilo, akalia, alafu akauliza nani atamwagilia. Tukamwachia yeye aamue, kama anataka mzee mwingine au tuta liachwe. Akasema atamalizia mwenyewe, na wale wazee wengine wakawa wanapita pale kwa zamu, wanaondoa gugu moja wanaondoka, hamna aliyepanga hiyo zamu. Maharage yalipokomaa akayapeleka nyumbani kwa marehemu akiwa na mama yake, mjane akayagawa mara mbili, nusu akampa mtoto arudi nayo kama mbegu. Msimu huu ndo yako kwenye lile tuta.

Kwa hiyo ongea na wazazi mapema kuhusu hilo, usisubiri litokee.

Niandikie ukishaliona eneo, uniambie maji yanatoka upande gani, kivuli kinaangukia wapi mchana na una wazee wangapi kwa hesabu ya kweli, sio ya walioitika kwenye mkutano. Nikipata nafasi nakuja siku ya kupanda, nitabeba hizo mbegu.

Wasalimie nyumbani wote.

Shoga yako