Sumaku si kitu cha kungojewa kitoke chenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wazazi wenzangu na wauzaji kabla ya sikukuu, wakati ambapo watoto hujichagulia wenyewe vitu vya kuchezea katika viwanja vya Tibirinzi na kwengineko hapa Pemba.

Idi iliyopita mwanangu wa miaka mitano alirudi na kijibokisi cha vigololi vya sumaku, kila kimoja hakifiki punje ya mbaazi. Nilibandika kimoja mbele ya ndewe ya sikio langu na chengine nyuma yake, vikakamatana huku nyama imebanwa katikati, na haikupita muda nikaving'oa kwa maumivu. Tumboni hakuna wa kuving'oa. Mtoto akimeza kimoja tu huenda kikatoka kwa choo, lakini akimeza viwili, au kimoja pamoja na kipande cha chuma, huvutana kutoka mikunjo tofauti ya utumbo na kuzibana kuta zake mpaka damu isipite, pakaoza na kutoboka, na uchafu ukamwagika ndani ya tumbo.

Mwanzoni mtoto huweza kucheza kama kawaida. Akianza kutapika na kulalamikia tumbo, sisi husema ni minyoo. Tunayo pia desturi, ambayo kwa sarafu aghalabu haidhuru, ya kumlisha ndizi na kungojea choo. Kwa sumaku, kungojea huko ndiko kunakomfikisha kwenye upasuaji. Apelekwe hospitali saa ile ile, hata ikiwa ni usiku na nyumbani ni Micheweni, na daktari aambiwe wazi kuwa ni sumaku, kwani katika picha ya eksirei vigololi viwili vilivyogandana huweza kuonekana kimoja. Watoto wakubwa nao wasiachwe bila kuonywa, maana wapo wasichana wanaovibana puani kuigiza kipini, na huweza kuvimeza bila kukusudia.

Australia ilipiga marufuku uuzaji wa sumaku hizi mwaka 2012, na Marekani ikaziwekea kanuni mpya mwaka 2022. Naiomba Taasisi ya Viwango Zanzibar izikague bandarini, na kwa uchache idadi iandikwe kwa Kiswahili juu ya bokisi. Letu halikuandikwa kitu, hata tukashindwa kujua kama vimepungua. Tulimpeleka mtoto eksirei kwa wasiwasi tu, na Alhamdulillah tumbo lilikuwa tupu.

Mzazi,
Chake Chake, Pemba