Jina Lako Limebandikwa Mahakamani

Malindi, Jumatatu usiku

Shoga yangu Mwanaisha,

Assalaam alaykum. Hali yako, na joto la Doha? Sisi wazima, alhamdulillahi. Bi Zuhura anakusalimu, asema kanga zako bado amekuwekea. Niwie radhi kwa kunyamaza muda wote huu, sababu nitakupa siku nyingine. Leo nina jambo la haraka.

Alhamisi nilikwenda mahakamani kufuata karatasi za mirathi ya mama. Natafuta nambari yetu ubaoni, macho yakatua kwenye jina lako. Nikalisoma mara mbili. Ni ilani: wewe na jirani yako mfike tarehe 19 mwezi ujao mueleze kwa nini kesi ya shamba isitupiliwe mbali.

Nikalipa ada, karani akanitolea faili. Nilipoliweka mezani vumbi liliganda kwenye vidole. Karatasi ya mwisho ni ile ya wakili wako kuruhusiwa kujitoa. Baada ya hapo mwaka mmoja na miezi minne, kimya. Na anwani iliyomo ni ya ile nyumba ya Shela mliyohama! Barua zote zaenda huko.

Mpwa wangu anayesomea sheria alinifafanulia. Kwa Amri ya 17 ya kanuni zetu za kesi za madai za 2010, mwaka ukipita bila upande wowote kuomba wala kufanya lolote, mahakama yaweza kuwaita mjieleze, na sababu isipotosha kesi inafutwa. Tangu 2020 wameongeza kwamba miaka miwili ikitimia bila hatua, inahesabika imetupwa. Yaani shamba la baba yako lipotee bila jaji kumsikiliza hata shahidi mmoja. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, Mwanaisha. Ungeshindwa baada ya kusikilizwa ningekwambia pole, tumwachie Mungu. Hivi, siwezi.

Jana nilipita shambani. Jirani amepandisha ukuta mpaka mnazi wa tatu, na fundi alikuwa akikoroga simiti. Mzee Kassim macho yamemwishia, ila mpaka anaukumbuka: alinihesabia minazi yote, na ule uliopigwa radi aliutaja pia. Yeye ndiye shahidi wako, na umri wake unaujua...

Mpwa asema tangu kesi ya Ivita na Kyumbu majaji huuliza mambo mawili: je, kuchelewa kumezidi na hakuna udhuru? Na hata kama kumezidi, haki bado yaweza kutendeka? Basi udhuru unao. Ulikwenda kutafuta riziki, wakili akajitoa, mtoto akaugua. Uandike wote kwenye hati ya kiapo, na nakala za pasipoti na mkataba wa kazi uziambatanishe. Waulize ubalozini hapo Doha jinsi ya kuapa. Hata ikitupwa mtu huweza kuomba irudishwe, lakini kwa nini tungoje mpaka huko, tena jirani adai gharama zake?

Najua ulinyamaza kwa sababu ya pesa za wakili. Ungeniambia, shoga. Nisingekucheka hata siku moja. Nina akiba kidogo ya chama, nimeshaongea na wenzangu wakakubali.

Sasa nijibu haya. Je, uliambiwa kwamba wakili amejitoa, au nawe ulikuwa hujui? Risiti ya mpima ardhi unayo wewe au iko kwa kaka yako? Kaka mwenyewe ana habari? Waweza kupata ruhusa kazini siku hiyo, iwapo jaji atakubali uhudhurie kwa video? Nikutafutie wakili mwingine, au wataka nianze kwa kuwapelekea anwani yako mpya? Na yule mtoto, homa zimemwacha?

Usingoje Ijumaa. Ukishindwa kuandika nitumie sauti, hata saa nane za usiku. Simu naiweka chini ya mto.

Wako,
Mama Swaleh