Barua kwa mwanangu anayesoma Huckleberry Finn

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Arusha. Sisi hatujambo, na bibi yako miguu imepata nafuu. Ujumbe wako niliusoma jana usiku nikaona nikujibu kwa barua, maana jambo lenyewe ni refu kuliko la kuzungumza kwenye simu.

Umesema mwalimu wenu wa Kiingereza amewapa riwaya ya Mark Twain, mwandishi wa Marekani, ile ya mtoto aitwaye Huckleberry Finn, au Huck. Mlipofika kwenye lile tusi wanaloitwa watu weusi, darasa zima likageuka kukutazama wewe. Sasa unataka kuomba usamehewe kitabu, usome madesa ya kwenye intaneti, ufanye mtihani yaishe. Nimekuelewa, mama, na nimeumia kwa ajili yako. Hata hivyo nakuomba ukisome kitabu chenyewe mpaka ukurasa wa mwisho.

Kwanza tumalize hilo la kutazamwa. Wewe ni mtoto wa Arusha uliyekwenda kukaa kwa shangazi yako Minneapolis. Hakuna aliyekupa kazi ya kuwasemea watu weusi wote wa Marekani, na hata mwalimu hana haki ya kukupa. Ukiulizwa mbele ya wenzako unajisikiaje, jibu kwa heshima kwamba ungependa kuulizwa juu ya kitabu kama wengine wanavyoulizwa. Na kama tusi linasomwa kwa sauti, mwone mwalimu baada ya kipindi umwombe lirukwe. Huo si utovu wa adabu. Wamarekani wenyewe hawajakubaliana juu ya neno hilo, ambalo limo kitabuni zaidi ya mara 200. Mwaka 2011 mchapishaji mmoja wa Alabama alitoa toleo lililoandika "mtumwa" mahali pake. Huko huko Minnesota, jimbo lenu, shule za mji wa Duluth zilikiondoa kitabu kwenye orodha ya lazima mwaka 2018, zikakiacha maktabani kwa anayetaka. Na ugomvi haukuanza juzi: maktaba ya Concord, Massachusetts, ilikipiga marufuku mwaka 1885, kilipotoka tu kule Marekani, ila wao walichukizwa na uhuni wa Huck na lugha yake isiyo na adabu. Kwa hiyo ukisema kinakuumiza, hutakuwa wa kwanza wala hutakuwa peke yako.

Sasa nikwambie kwa nini ukisome. Ni kwa sababu ya Jim.

Hadithi ni ya Missouri, kama miaka ya 1830 au 1840, kabla utumwa haujakomeshwa. Jim ni mtumwa wa Miss Watson. Anasikia bibi huyo anataka kumuuza New Orleans kwa dola 800, mbali na mkewe na watoto wake, akatoroka. Huck naye amemkimbia baba yake mlevi. Wanakutana kisiwani, wanateremka Mississippi kwa chelezo, mto ule ule unaopita katikati ya mji wenu. Shabaha yao ni mji wa Cairo, pale mto Ohio unapoingia Mississippi, ili waupande Ohio kuelekea majimbo yasiyo na utumwa. Ukungu ukawapitisha Cairo bila kujua. Tangu hapo kila maili wanayokwenda inampeleka Jim ndani zaidi ya nchi ya watumwa. Ukisoma madesa utaliona hilo katika mstari mmoja, lakini kitabuni utakaa nao ndani ya ukungu ule, wakiitana bila kuonana.

Jambo la kushika ni hili: anayesimulia ni Huck, mtoto aliyelelewa akiamini kwamba kumsaidia mtumwa kutoroka ni wizi na ni dhambi. Yote tunayoyajua juu ya Jim yamepita kwenye kinywa cha mtoto huyo. Huck anamwona mshirikina, wa kuchekwa, na mwandishi mara nyingine anacheka naye, na hapo una haki ya kukasirika. Wewe msikilize Jim anapozungumza mwenyewe. Katika sura ya 16 anaeleza mpango wake. Akifika huko kwenye uhuru atafanya kazi, aweke kila senti, amnunue mkewe, kisha wote wawili wafanye kazi wawanunue watoto wao wawili, na mwenye watoto akikataa kuuza, atatafuta mtu wa kuwaiba. Huck anashtuka: huyu anataka kuwaiba watoto ambao ni mali ya mtu ambaye hajamkosea kitu! Soma hapo polepole. Baba anataka watoto wake, na mtoto mwenye moyo mwema anaona huo ni wizi. Sijasoma maelezo ya utumwa yaliyonionyesha kwa uwazi kiasi hicho jinsi sheria mbaya inavyoingia mpaka kwenye dhamiri ya mtu mzuri.

Kisha kuna sura ya 23, ambayo mimi kama baba siwezi kuipita. Alfajiri Jim amekaa ameinamisha kichwa kati ya magoti, anawalilia wanawe. Anamsimulia Huck habari za bintiye Elizabeth. Alikuwa na miaka kama minne, ametoka kuugua homa kali ya vipele vyekundu. Siku moja akamwambia afunge mlango. Mtoto akasimama tu anamtabasamia. Akarudia kwa ukali, mtoto yuleyule, tabasamu lilelile. Akamzaba kofi. Baadaye upepo ukaubamiza mlango nyuma ya mtoto kwa kishindo, naye hakushtuka. Ndipo Jim akajua kwamba homa ilikuwa imemwacha bintiye kiziwi na bubu. Alimkumbatia akilia, na kwenye chelezo, miaka baadaye, bado hajajisamehe. Nani aliyemwuliza Huck kama watumwa wanawapenda watoto wao? Anasema kwa mshangao kwamba anaamini Jim aliwapenda wake kama wazungu wanavyowapenda wao, ingawa haoni kuwa ni jambo la kawaida. Wenzako darasani wanaweza kuupita mshangao huo haraka. Wewe usiupite.

Sura ya 31 mtaifanyia mazoezi mengi, shule zote hufanya hivyo. Huck anaandika barua ya kumrudisha Jim kwa Miss Watson, anaitazama, anaichana, akisema basi na yeye Huck aende motoni. Ni kubwa kweli, sina la kuongeza.

Mwisho wa kitabu ndio wenye mabishano. Unakumbuka nilikuonyesha kile kitabu cha Hemingway, mwandishi mwingine wa Marekani, ambacho mgeni mmoja wa safari aliniachia kwenye gari? Kilitoka mwaka 1935, na kinahusu uwindaji wake hapa kwetu, Tanganyika ya wakati ule, maeneo ya Manyara ninakopeleka wageni. Akizungumza na Mwaustria ambaye lori lake limeharibika njiani, anasema fasihi yote mpya ya Marekani imetokana na kitabu kimoja cha Mark Twain, hichi unachosoma. Kisha anashauri msomaji aishie pale Jim anapoibwa, kwamba yanayofuata ni udanganyifu.

Mimi sikubaliani naye kwenye ushauri huo. Katika sura za mwisho Jim amefungiwa kibandani kwenye shamba la akina Phelps, Tom Sawyer, rafiki yake Huck, anatokea, na badala ya kumtoa wanamfanyia mchezo: panya, buibui, nyoka, maandishi ya damu. Mwishoni tunaambiwa kwamba Miss Watson alikufa miezi miwili nyuma na kwenye wosia wake alimwacha Jim huru. Tom alijua tangu alipofika. Sura hizo zinachosha na zinaudhi, lakini zisome uudhike. Mtu yuko huru kwenye karatasi, na bado watoto wanamchezea kama mfungwa. Sasa tazama mwaka. Utumwa ulikomeshwa 1865. Majeshi ya serikali kuu yaliacha kuwalinda watu weusi wa Kusini mwaka 1877, na kitabu kilipotoka haki zao zilikuwa zinanyang'anywa moja moja. Sikwambii kwamba Twain alikusudia hivyo. Nakwambia mimi siwezi kukisoma bila kuliona hilo, na hilo ni jambo unaloweza kulitetea kwenye insha.

Lahaja ya Jim ikikushinda, isome kwa sauti chumbani. Twain aliandika anavyosikia, kwa hiyo sikio lako litaelewa kabla ya jicho. Au azima maktaba toleo la kusikiliza. Ukikimaliza, tafuta riwaya ya Percival Everett iitwayo James, ya mwaka 2024, iliyopata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Humo anayesimulia ni Jim mwenyewe. Lakini anza na Twain, ili ujue Everett anamjibu nani.

Insha ukishaiandika nitumie kabla hujaikabidhi. Kiingereza chake sitakigusa, nataka tu kuona umesema nini juu ya Jim. Na ukizungumza na mwalimu kuhusu lile tusi, niambie amekujibu nini. Akikujibu vibaya, shangazi yako atakwenda shuleni, nimeshaongea naye.

Msalimie sana.

Baba yako