Masikio yapimwe kabla ya apareyi kununuliwa

Bwana Mhariri,

Matangazo ya apareyi za masikio, vile vifaa vinavyovaliwa sikioni kusaidia kusikia, yamezidi mjini kwetu Lubumbashi. Yamebandikwa kwenye kuta za barabara ziendazo soko la Kenya, yanapita kwenye WhatsApp, na sasa yameingia katika kurasa zako. Yote yanasema jambo moja: njoo na pesa, utoke unasikia. Mimi ni muuguzi, nafanya kazi katika chumba cha masikio cha hospitali moja hapa Lubumbashi, na wengi wanaokuja kwangu na maswali ni watu waliokwisha kununua. Naomba nafasi niwajibu na wale ambao bado hawajatoa pesa yao.

Malalamiko ya kwanza huwa ni ya kukana. Papa analetwa na binti yake, anakaa, anasema: "Miye nasikia muzuri, ni batoto njo banasema chini-chini." Wala hadanganyi. Uzee huanza kwa kula sauti nyembamba, ukaziacha zile nzito. Katika maneno yetu, a, o na u zina uzito na nguvu; s, f na t ni nyembamba na hafifu. Mzee wa namna hiyo ukimwambia saa, taa au faa, anapokea "aa" safi kabisa, mwanzo wa neno anaukisia. Nyumba ikiwa kimya anakisia vizuri. Washa redio, ongeza sufuria zinazogongana na wajukuu wanaobishana, basi anaacha kukisia, anabaki kucheka pale wenzake wanapocheka. Na kwa kuwa sauti za wanawake na watoto kwa kawaida ni nyembamba, sauti ya mkewe inampotea mapema kuliko ya jirani mwanamume. Nadhani kuna ndoa zilizoingia baridi kwa sababu hiyo tu. Kumpigia kelele hakusaidii sana, kunaikuza ile "aa" ambayo tayari alikuwa nayo. Simama mbele yake, uso wako uwe kwenye mwanga, sema polepole kidogo.

Mtu huyo anatakiwa kupimwa, na kupimwa hakuumi. Anakaa mahali palipo kimya, anavishwa visikilizio, anapewa sauti mojamoja kutoka nzito ya hezi 250 hadi nyembamba ya hezi 8000, sikio moja kwanza kisha la pili. Kila anapoisikia, hata kwa mbali sana, anainua mkono. Tunaandika alama kwenye karatasi iitwayo odiogramu, na mstari unaotokea unaonyesha usikivu umeshuka wapi na kwa desibeli ngapi, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti. Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa mzima yule anayesikia sauti za desibeli 20 au chini ya hapo kwa masikio yote mawili. Kisha tunamwekea kifaa kingine kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, kinachopeleka sauti ndani moja kwa moja. Akisikia vizuri kwa mfupa na vibaya kwa visikilizio, ina maana njia ndiyo iliyoziba: nta, maji nyuma ya ngoma ya sikio, au ngoma yenyewe imetoboka. Akisikia vibaya kote kuwili, shida iko ndani kabisa, kwenye vinyweleo vinavyopokea sauti. Kila sikio lina kama 15,000, na kwa binadamu vikifa havioti tena.

Tofauti hiyo ndiyo muuzaji wa barabarani asiyoijua. Wa kundi la kwanza wengi wao wanahitaji kusafishwa, dawa au upasuaji, wala si apareyi. Nimetoa nta ngumu nyeusi katika sikio la mama aliyekuwa amevaa kifaa kipya juu ya nta hiyohiyo, akilalamika kwamba hakifanyi kazi. Kilikuwa kizima kabisa. Na sikio linalotoa usaha kwa wiki mbili au zaidi lionwe na daktari wa masikio, pua na koo, huyu tunayemwita ORL, kabla ya kuzibwa na kitu chochote. Mafuta ya moto, maji ya majani, njiti ya kiberiti: tafadhali, hapana.

"Lakini, mama munganga, ile ya bei ndogo nayo si inaongeza sauti?" Inaongeza, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Inaongeza kila kitu sawasawa: mlango unaobamizwa, honi, feni, na ile "aa" ya papa. Ni kama miwani ya kuokota sokoni, ukibahatika itakufaa. Apareyi iliyopangwa kwa odiogramu inainua pale palipopungua tu, tena ina kikomo, sauti kubwa ya ghafla isipenye ikaumiza usikivu uliobaki. Kuipanga ni kazi ya mtu aliyesomea, na hairekebishwi siku moja ikaisha.

Swali linalonichosha kuliko yote linatoka kwa watoto wa mgonjwa: tumemnunulia kwa pesa nyingi, mbona ameitupa kabatini? Kwa sababu hakuna aliyemwambia wiki za kwanza zinakuwaje. Sauti yake mwenyewe inamvuma kichwani. Karatasi ikikunjwa, ni kelele. Maji yakimwagika kwenye sahani, ni kelele. Ubongo uliokaa miaka bila sauti hizo lazima uzizoee upya, na unazizoea kwa kuvaa. Kwa hiyo tunamwambia aanze kwa saa chache nyumbani, akiongea na mtu mmoja, siku zinavyokwenda aongeze saa na watu. Kanisa lije mwisho kabisa, maana spika za makanisa yetu ya uamsho zinawashinda hata wenye masikio mazima. Baada ya hapo arudi turekebishe, kisha arudi tena. Ikipiga mluzi, mara nyingi kipande kinachoingia sikioni hakikukaa sawa au kuna nta. Mtoto hukua na sikio lake linakua, kwa hiyo kipande chake hubadilishwa mara kwa mara. Na kama masikio yote mawili yamepungua, mbili ni bora kuliko moja: kwa sikio moja ni vigumu kujua pikipiki inatokea upande gani, na kwa jinsi wanavyoendesha hapa kwetu, hilo si jambo dogo.

Betri nazo zina siri yake. Zile ndogo za duara zinazotumika katika apareyi nyingi zina karatasi ya rangi mgongoni: rangi ya machungwa ni namba 13, kahawia ni 312, buluu ni 675. Karatasi ile inaziba vitundu vya hewa. Ukiibandua, hewa inaingia, betri inaamka, na hata ukiirudisha karatasi haitalala tena kama mwanzo. Kuna waliobandua pakiti nzima siku moja "kuzitayarisha", wakashangaa zote zimekufa pamoja. Bandua moja, iache wazi dakika moja au mbili, ndipo uiweke. Namba 312 hudumu karibu wiki, 13 inaweza kufika wiki mbili, kutegemea apareyi na saa za kuivaa. Usiku fungua kijumba cha betri, na kuanzia Novemba, mvua zinapoanza, weka apareyi katika kikopo kinachofunga vizuri pamoja na kile kipakiti cha kukausha unyevu. Usioge nayo. Na betri zikae mbali na watoto: mtoto akimeza moja, akimbizwe hospitali saa hiyohiyo.

Wengi wanataka kujua nani aliwaharibu masikio. Wazee waliofanya kazi miaka mingi katika viwanda vya Gécamines, kampuni ya madini, jibu wanalo, na vijana wanaokata vyuma au kusaga unga kutwa nzima bila kuziba masikio wanakuja njia hiyohiyo. Desibeli 80 kwa saa 40 za wiki bado ni salama. Kila zinapoongezeka 3, saa hizo zinagawanywa kwa 2. Fanyeni hesabu mtaona jinsi kelele ikizidi muda unavyokwisha haraka. Dawa nazo zimo. Jentamisini, ambayo kwetu watu huchomwa hovyo kwa homa yoyote, inaweza kuua vinyweleo vile moja kwa moja. Kwinini huleta mlio sikioni, na mara nyingi mlio huo huisha baada ya dawa. Asiache mtu dawa aliyoandikiwa kwa kusoma barua yangu. Amwambie aliyemwandikia kwamba masikio yamebadilika.

Kwa mtoto siongezi maneno mengi, isipokuwa moja: hakuna umri ulio mdogo mno wa kupimwa. Kuna vipimo ambavyo mtoto hupimwa akiwa amelala, bila kujibu chochote. "Ataongea tu, hata baba yake alichelewa" ni maneno ya kupotezea miezi ambayo lugha ilipaswa kujengwa. Aliyeugua homa ya uti wa mgongo, aliyezaliwa kabla ya wakati, aliyepata manjano kali alipozaliwa, apimwe hata kama anaonekana kusikia, na baada ya homa ya uti wa mgongo kusikawiwe hata kidogo.

Tena, sikio lililokufa ghafla, jana lilikuwa zima na leo halipo, halisubiri mwisho wa mwezi. Nenda siku hiyo. Dawa za kujaribu kuliokoa zina nguvu katika siku za kwanza. Zikipita wiki mbili matumaini yanapungua sana.

Kwako, Bwana Mhariri, nina ombi. Sikuombi ufute matangazo, najua gazeti linaishi kwayo. Kabla ya kuchapisha jingine, mwulize muuzaji maswali matatu na uchapishe majibu chini ya bei: nani anapima masikio kabla ya kuuza, nani atairekebisha apareyi mteja akirudi baada ya mwezi, na betri zake zinapatikana wapi hapa Lubumbashi. Na msomaji atakayekuja kupimwa aje na dawa zote anazotumia, pamoja na mtu anayeishi naye, maana mgonjwa ataniambia anasikia vizuri, na yule mtu ndiye atakayeniambia televisheni ya nyumbani inafunguliwa hadi namba ngapi.

Muuguzi wa masikio,
Kampemba, Lubumbashi
(jina limehifadhiwa)