Tuweke vifaa vya kupima moshi, gesi na umeme majumbani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi wasomaji wenzangu wafunge majumbani mwao vifaa vya kufuatilia moshi, gesi na matumizi ya umeme. Ninachokihofia zaidi ni gesi ya sumu iitwayo kaboni monoksidi inayotoka kwenye jiko la mkaa au jenereta iliyowashwa ndani, kwa kuwa haina rangi wala harufu, na aliyelala huweza kuzidiwa kabla hajatambua hatari. King'ora kidogo karibu na chumba cha kulala humwamsha mapema. (Kitufe cha majaribio kibonyezwe kila mwezi, maana betri iliyokwisha haimlindi mtu.)

Kuhusu umeme, nilichomeka kipimo kati ya soketi na king'amuzi changu cha televisheni, nikakuta kinavuta wati 10 hata baada ya kuzimwa kwa rimoti. Wati 10 usiku na mchana ni takriban uniti 88 kwa mwaka, nilizokuwa nikizilipia bila kunufaika nazo. Sasa nazima swichi ya ukutani.

Kamera za intaneti nazo zina manufaa, ila anayezifunga abadilishe nywila ya kiwandani siku hiyo hiyo.

Msomaji wako mwaminifu