Kabla hamjafungua kamba

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Jinja. Sisi hatujambo, natumai nyumbani kwako pia ni wazima. Mjomba wako ameniambia kwamba wewe na wenzako wa kazini mmeshanunua ile boti, na Jumamosi mnataka kutoka Entebbe mpaka kisiwa cha Ngamba, humo Ziwa Victoria, kuwaonyesha wageni sokwe. Nimefurahi. Sikuandikii kukukataza, maana mtoto aliyekulia Masese hakatazwi ziwa. Ninachokuomba ni kwamba ukiwa wewe ndiye nahodha, uweze kumtazama rafiki yako usoni na kumwambia, "Leo hupandi."

Unaikumbuka MV Templar. Tarehe 24 Novemba 2018, Jumamosi kama hiyo yenu, watu walipanda kwenda kustarehe, ikapinduka upande wa Mukono. Walikufa zaidi ya 30. Polisi walisema boti ilikuwa mbovu na imejaza watu kupita kiasi. Hayo mawili yalikuwepo kabla haijaondoka, na mtu wa kuyazuia alikuwa na nafasi yote ya kuyazuia. Kwa hiyo hesabu vichwa mkiwa bado mwaloni. Boti ikiwa ya watu sita, wa saba abaki, hata awe bosi wako.

Jaketi za kuokolea zivaliwe hapohapo, mikanda ikazwe. Nawajua wageni wa mjini: watalalamika joto, kisha wataligeuza jaketi kuwa mto wa kukalia. Usiwashe injini mpaka kila mmoja amevaa. Boti ikishapinduka hakuna anayepata muda wa kutafuta jaketi chini ya kiti. Watoto watafutiwe za kwao. Mvalishe mtoto, umwinue kwa mabega ya jaketi. Likipanda mpaka masikioni, halimfai.

Pombe usiguse mpaka mmerudi nchi kavu, na wao pia wasubiri. Mlevi husimama. Akisimama mmoja kupiga picha, wote huinuka na kuegemea upande uleule, na boti ndogo haivumilii hilo.

Kuhusu hali ya hewa, usidanganywe na anga jeupe la Entebbe. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, upepo hutoka pande zote za ziwa ukakutana katikati, hewa ikapanda na kuzaa radi na mvua. Ndiyo maana dhoruba nyingi za ziwa letu hupiga usiku na alfajiri. Mchana nao upepo hugeuka, na alasiri mawimbi huwa makubwa kuliko mliyoyaacha asubuhi. Mamlaka ya hali ya hewa hutoa utabiri wa ziwa. Usome Ijumaa jioni na tena Jumamosi kabla ya kutoka. Ukiona wingu jeusi, geuza mapema. Sokwe hawahami.

Mafuta yagawe mara tatu: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi usiiguse. Mpaka Ngamba ni kama kilomita 23, na upepo wa mbele hunywa mafuta.

Ile kamba fupi ya kuzima injini ifunge mkononi mwako kila mara. Ukitupwa majini bila hiyo, boti huendelea kuzunguka na panga za injini zinaweza kukurudia. Mtu akianguka, zima injini kabisa kabla ya kumvuta. Pia angalia gugumaji. Aprili 2020 kisiwa cha majani kilifika hapa Jinja kikaziba mitambo, nchi ikakosa umeme. Sasa fikiria kiinjini chenu. Yakinasa, zima kwanza ndipo uyatoe kwa mkono. Beba na makasia.

Mkipinduka, shikilieni boti. Ufuko huonekana karibu kuliko ulivyo, na hata ninyi mnaojua kuogelea msiondoke. Watu wengi ziwani wanaokolewa na wavuvi, na mvuvi huona boti iliyogeuka kabla hajaona kichwa cha mtu.

Simu ziwe ndani ya mfuko usioingia maji, na filimbi kwenye kila jaketi.

Nitumie majina ya wote watakaopanda na saa mnayotegemea kurudi. Mjomba wako atawasubiri hapo Entebbe. Nimemwambia ikifika saa kumi na moja jioni hajawaona wala kusikia simu, awaite polisi wa majini bila kuniuliza. Msalimie mkeo, na umwambie naye avae jaketi.

Mama yako