YAH: MALALAMIKO KUHUSU MUDA WA SAFARI ZA NDEGE KWENYE PROGRAMU YENU

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja ninayelipia programu yenu ya safari. Niliposafiri kutoka London kwenda New York, programu ilimtumia dada yangu saa ambayo ningetua. Saa hiyo ilipopita, yakatokea maandishi mekundu: "Ndege imechelewa." Ndege haikuchelewa hata kidogo, ilifuata ratiba yake. Lakini dada alikaa uwanjani zaidi ya saa nzima roho mkononi, akimuuliza kila mfanyakazi aliyepita kama kuna habari mbaya.

Chanzo nimekitafuta na nimekipata. Mmeandika kilomita 5,540 na saa 6 na dakika 31. Ukigawanya 5,540 kwa kilomita 850 kwa saa, mwendo wa kawaida wa ndege ya abiria ikiwa angani, unapata jibu hilohilo. Nikageuza safari, New York kwenda London: haikupungua wala kuongezeka dakika. Katika njia ile jambo hilo haliwezekani. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini, kwenye kimo cha kilomita kumi hivi, upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ndege inayoelekea New York hupambana nao, na ratiba huipa kama saa 8. Inayorudi husukumwa nao, ikatumia kama saa 7. Februari 2020, wakati wa dhoruba, ndege ya abiria ilitoka New York ikatua London kwa saa 4 na dakika 56. Kilomita ni zilezile.

Tena ratiba huhesabu tangu ndege inapoondoka getini mpaka inaposimama kwenye geti la pili, pamoja na foleni ya kuruka. Ninyi hayo hamkuyahesabu kabisa.

Kibaya zaidi nimekiona kwenye safari ya Helsinki, Finland, kwenda Tokyo, kama kilomita 7,800. Tangu Urusi ilipoyafungia anga mashirika ya Ulaya mwaka 2022, ndege hulazimika kuzunguka, na safari iliyokuwa ya saa 9 hivi sasa huchukua kama saa 13. Ninyi bado mnaandika 9! Fikirieni mzazi anayemsubiri mtoto aliyesafiri peke yake, aone maandishi yale mekundu kwa saa nne.

Naomba muda wa kwenda na wa kurudi uonyeshwe mbalimbali, utokane na ratiba za mashirika. Pasipo na ratiba, andikeni waziwazi kwamba ni makisio. Ujumbe wa "Ndege imechelewa" uondolewe leo, usisubiri toleo jipya. Mashine isiyojua ndege iko wapi haina haki ya kumtangazia mtu kwamba ndugu yake kachelewa. Ada ya mwezi ule nayo naomba nirudishiwe.

Nasubiri majibu yenu kwa maandishi.

Wenu,
Mteja